Kula na Kunywa Katika Miji ya Mikoani Japani: Mwongozo Kamili

Tokyo humsamehe msafiri mzembe. Ukikuta mgahawa umefungwa, upo mwingine ng'ambo ya barabara, na saa saba usiku bado kuna mtu anachemsha tambi. Takamatsu, Kanazawa, Kochi au Morioka hazina huruma hiyo. Huko mpishi akiishiwa tambi saa saba mchana anashusha pazia la mlangoni na kwenda zake, hata kama umetoka Mombasa kwa ajili ya bakuli lake.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya migahawa bora. Unaanza na msimu, siku na saa, kwa sababu mikoani hayo ndiyo yanayoamua utakula nini. Jina la mgahawa linafuata baadaye, na mara nyingi si jambo kubwa kama mitandao inavyotuaminisha.

Hatua ya 1: Chagua mlo mmoja au miwili kwa kila mji

Karibu kila mji wa Japani una chakula unachojivunia, na wenyeji wanakila kweli, si cha kuwauzia wageni tu. Usijaribu kumaliza orodha nzima. Chagua kimoja au viwili kwa kila mji, kisha zunguka navyo.

Sendai ni mji wa gyutan, ulimi wa ng'ombe uliokatwa vipande vinene, ukatiwa chumvi na kuchomwa. Huja na wali uliochanganywa na shayiri, supu ya mkia na kachumbari ya pilipili. Mtindo huo ulianza hapo mwaka 1948, na leo ghorofa ya tatu ya stesheni ya Sendai ina kichochoro kizima cha migahawa ya gyutan. Wengine watakuambia ukale mjini, mbali na stesheni. Mimi nasema kama una saa moja kabla ya treni, kula stesheni bila kuona haya.

Hiroshima ni okonomiyaki, lakini si ile ya Osaka ambayo kila kitu huchanganywa kwenye unga. Hapa hupangwa tabaka juu ya tabaka: chapati nyembamba ya unga, rundo la kabichi, chipukizi za maharage, nyama ya nguruwe, tambi, yai, kisha mchuzi mzito mtamu. Jengo la Okonomimura katikati ya mji lina vibanda zaidi ya 20 kwenye ghorofa kadhaa; unakaa mbele ya bamba la chuma la moto na kula papo hapo kwa kijiko bapa cha chuma. Mkoa huo pia ndio unaoongoza Japani kwa ufugaji wa chaza, na msimu wao ni majira ya baridi.

Fukuoka, na hasa upande wa Hakata, ni tambi nyembamba kwenye supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa hadi ikawa kama maziwa. Kurume, mji jirani ambako timu ya Kenya iliweka kambi kabla ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, ndiko kunakotajwa kuwa chimbuko la supu hiyo, tangu 1937. Mpenzi wa kitimoto atafurahi. Asiyekula nguruwe aruke hadi hatua ya 7.

Mingine kwa haraka: Nagasaki ina champon, tambi nene zenye vyakula vya baharini na mboga, urithi wa Wachina waliofanya biashara bandarini. Sapporo ina ramen (tambi za supu) ya miso, yaani rojo ya soya iliyochachushwa, kari nyepesi kama supu, na jingisukan, nyama ya kondoo unayojichomea mezani. Utsunomiya na Hamamatsu hushindana kwa gyoza, vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama na mboga ndani. Kumamoto hula nyama ya farasi ikiwa mbichi, na hilo kila mtu aamue na nafsi yake. Kochi na Takamatsu, zote za kisiwa cha Shikoku, nitazirudia kwa kirefu kwa sababu ndiko ningempeleka mgeni wangu kwanza.

Msimu nao uutazame kabla ya kukata tiketi. Kaa wa Kanazawa huanza kuvuliwa tarehe 6 Novemba. Jike, mdogo lakini mwenye mayai matamu, husimamishwa mwishoni mwa Desemba, na dume huendelea hadi Machi. Ukifika Agosti ukaonyeshwa kaa, ujue ametoka kwenye friza au kwingine. Katsuo wa Kochi, samaki wa ukoo wa jodari, ana misimu miwili: majira ya kuchipua akiwa mwepesi, na vuli akirudi kutoka kaskazini akiwa amenona.

Hatua ya 2: Panga siku kwa saa za jiko

Vibao vya migahawa hutumia saa 24. Ukiona 11:00–14:00, ni saa tano asubuhi hadi saa nane mchana kwa saa zetu. Herufi L.O. zikifuatiwa na 13:30 maana yake oda ya mwisho ni saa saba na nusu. Kuanzia hapo jiko linazimwa hadi saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Kati ya saa nane na saa kumi na moja mji mdogo unaweza kuonekana hauna chakula kabisa, ukiacha migahawa ya minyororo na maduka ya saa 24.

Ushauri wangu mkuu ni huu: mlo mkubwa uwe wa mchana. Migahawa mingi inayotoza yeni 5,000 kwa kichwa jioni hupika sahani kamili ya mchana, teishoku, kwa takriban yeni 1,000 hadi 1,500: wali, supu ya miso, kachumbari na samaki au nyama. Mpishi ni yuleyule na samaki ni yuleyule wa asubuhi. Jioni kula kidogo kidogo, ukionja.

Kisha siku. Kila mgahawa una siku yake ya kufunga, huandikwa 定休日, na kila mmoja huchagua yake: Jumatatu kwa wengine, Jumatano kwa maduka mengi ya sokoni, Jumapili kwa wanaotegemea wafanyakazi wa maofisini. Mwaka mpya, kuanzia tarehe 31 Desemba hadi 3 Januari, ni kipindi kigumu. Weka akiba ya chakula hotelini. Katikati ya Agosti, wakati wa Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga, na wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, tegemea foleni ndefu na vyumba vilivyojaa.

Asubuhi una njia mbili. Ya kwanza ni sokoni. Hakodate ina soko la asubuhi mlangoni mwa stesheni. Omicho ya Kanazawa imelisha mji kwa karibu miaka 300. Mabakuli ya samaki mbichi juu ya wali yamepanda bei kwa sababu ya watalii, ila kupita ukitazama kaa na ngisi ni bure. Aomori ndiyo ninayoipenda zaidi: katika soko la Furukawa unanunua tiketi, unapewa bakuli la wali, kisha unatembea kibanda hadi kibanda ukilipa tiketi kwa kipande cha jodari hapa, kijiko cha mayai ya samoni pale, hadi bakuli lijae. Nenda mapema, vitu vizuri huisha.

Njia ya pili ni kissaten, mkahawa wa kahawa wa kizamani wenye viti vya velveti. Nagoya na miji inayoizunguka imeugeuza kuwa desturi: unaagiza kahawa tu kabla ya saa tano asubuhi, na kwa bei hiyohiyo unaletewa mkate uliochomwa na yai la kuchemsha, wakati mwingine zaidi. Kwenye menyu ya kahawa utaona キリマンジャロ, Kilimanjaro. Ni kahawa ya Tanzania, na Wajapani wameinywa kwa jina hilo kwa miongo mingi kiasi kwamba wazee wa kissaten wanaijua vizuri kuliko watu wengi wa Dar es Salaam.

Hatua ya 3: Soma mlango kabla hujaingia

Pazia fupi la kitambaa, noren, likining'inia nje, kuna huduma. Likiwa limetolewa au limening'inizwa ndani, bado au basi. Kibao cha 営業中 ni wazi, 準備中 bado wanaandaa, 売切 kimeisha. Taa nyekundu ya karatasi ni dalili ya mahali pa kunywa na kula vitafunio, na kwa kawaida ni pa bei nafuu. Dirisha lenye sahani za plastiki zinazofanana na chakula halisi ni rafiki mkubwa wa mgeni: piga picha ya unayoitaka, ingia nayo.

Shokudo, mgahawa wa kawaida wa mtaani, ni mama ntilie wa Japani: familia moja, menyu ubaoni, wali wa kushiba, wateja walewale kila siku. Ukiona madereva teksi wameegesha nje, huna haja ya kusoma maoni ya mtu yeyote mtandaoni. Ukitaka kusoma, wenyeji hutumia Tabelog, na fahamu kwamba wao ni wagumu kutoa alama. Mgahawa wenye 3.5 ni mzuri sana, na wenye 3.2 waweza kuwa ndio chakula kitamu kuliko vyote vya safari yako.

Ukiingia, onyesha kwa vidole mko wangapi na subiri kuonyeshwa kiti. Vibanda vingi vina viti nane au kumi tu, kwa hiyo kundi la watu sita litarudishwa mlangoni kwa adabu kubwa. Safirini wengi, kuleni wawili wawili. Kwa mgahawa wa jioni wenye jina, omba mapokezi ya hoteli wakupigie simu uwekewe nafasi. Ukiahidi, nenda, kwa sababu samaki wako ameshanunuliwa.

Kuhusu moshi: tangu Aprili 2020 sheria inakataza sigara ndani ya migahawa, lakini vibanda vidogo vya zamani viliachwa huru. Kibandiko mlangoni hueleza. Mwenye pumu akitazame kwanza.

Hatua ya 4: Kuagiza na kulipa

Maji au chai ya kwanza ni bure, na taulo yenye unyevu ni ya mikono. Kumwita mhudumu si utovu wa adabu. Sema "sumimasen" kwa sauti ya kusikika. Ukipiga kimya ukisubiri kuonwa, utasubiri. Ukielekeza kidole kwenye picha na kusema "kore, onegai shimasu", umeshaagiza. Ukitaka akuchagulie yeye, "osusume wa?" inatosha.

Migahawa ya ramen, ya udon (tambi nene za ngano) na shokudo nyingi ina mashine ya tiketi mlangoni. Ingiza pesa kwanza, kisha bonyeza. Kitufe cha juu kushoto huwa ndicho chakula kikuu cha nyumba hiyo, kwa hiyo usipojua herufi hata moja bonyeza hicho. Noti mpya zilitolewa Julai 2024, na mashine za zamani za mikoani zilichelewa kuzitambua. Weka sarafu za kutosha na noti za yeni 1,000. Kadi hupokelewa hotelini na kwenye maduka makubwa, lakini bibi mwenye viti saba anataka taslimu. Mashine za pesa za 7-Eleven hupokea kadi nyingi za nje.

Bakshishi haipo. Ukiacha sarafu mezani utafukuziwa barabarani urudishiwe. Lipa kaunta unapotoka, weka pesa kwenye kisahani kidogo badala ya kumpa mtu mkononi, na mwisho sema "gochisosama deshita", shukrani ya mlo. Mpishi akiisikia kutoka kwa mgeni, uso hubadilika.

Mwiko wa vijiti ni miwili ya kukumbuka: usivichomeke wima kwenye wali, na usipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Yote miwili ni mambo ya msibani. Kunywa tambi kwa kelele, kwa upande mwingine, ni sawa kabisa.

Hatua ya 5: Udon ya Takamatsu, kutoka trei hadi bakuli

Nachukua mfano huu kwa sababu mkoa wa Kagawa una mtindo wa kujihudumia ambao humkoroga mgeni, na ukiumudu hakuna mgahawa utakaokutisha tena. Nenda kati ya saa tatu asubuhi na saa tano na nusu. Maduka mengi hufunga tambi zikiisha.

Chukua trei. Kwa mpishi taja ukubwa: sho ni donge moja la tambi, chu kubwa kidogo, dai kubwa. Mwanzo chagua sho. Bei yake ni mia chache za yeni na utabakiwa na nafasi ya duka la pili. Utapewa bakuli lenye tambi tu. Katika maduka ya jadi unazitumbukiza mwenyewe: unazimwaga kwenye chujio lenye mpini, unalizamisha ndani ya maji yanayochemka kwa sekunde kumi hivi, unalikung'uta mara mbili tatu maji yatoke, unarudisha tambi bakulini. Usiogope foleni iliyo nyuma yako, wamezoea.

Unasogea kwenye trei za vitu vya kukaanga. Chukua kimoja kwa koleo: pweza mdogo, kamba, boga, au chikuwa, mkate wa samaki uliokaangwa. Unalipa. Baada ya kulipa ndipo unafika kwenye bomba la mchuzi, ambao mara nyingi umetengenezwa kwa dagaa wakavu. Unafungua na kujaza mwenyewe. Mwisho vitunguu majani, tangawizi iliyokunwa na chembe za unga uliokaangwa, vyote bure, kwa kiasi unachotaka.

Tambi zenyewe ni nene, ngumu kidogo, zinavutika. Watu wa huko humeza zaidi ya kutafuna, na mlo mzima huchukua dakika kumi. Rudisha trei, futa meza kwa kitambaa kilichopo, toka. Anayekaa nusu saa akipiga picha ananyang'anya mtu kiti.

Hatua ya 6: Jioni, na kinywaji

Izakaya ni mahali pa kunywa ambapo chakula ni cha maana kuliko kinywaji, angalau kwa maoni yangu. Unaagiza sahani ndogo mbilimbili: mishikaki ya kuku, tofu baridi, samaki wa kuchoma. Kabla hujaagiza lolote utaletewa kibakuli kidogo usichokiomba, otoshi, na mwisho utakikuta kwenye hesabu kwa yeni 300 hadi 600. Huo si wizi, ni gharama ya kiti. Kaa kaunta ukiweza, utaona kinachopikwa na utaonyesha kidole.

Fukuoka ina vibanda vya usiku, yatai, takriban 100, kando ya mto kule Nakasu, na pia Tenjin na Nagahama. Kila jioni huvutwa hadi mahali pake, na kabla ya alfajiri nafasi iko tupu. Kanuni zake ni rahisi: nendeni watu wasiozidi watatu au wanne, kila mtu aagize angalau kitu kimoja na kinywaji, msikae usiku kucha, na muende chooni kabla kwa sababu kibanda hakina. Manispaa hairuhusu vyakula vibichi kwenye yatai, na bei lazima zionyeshwe. Kibanda kisicho na bei, pita. Mvua kubwa ikinyesha, usitoke hotelini kwa ajili yao.

Kochi iko tofauti. Soko la Hirome, lililofunguliwa 1998, ni ukumbi mmoja wenye vibanda karibu 60 na meza ndefu za wote. Mtu mmoja ashike viti, mwingine azunguke. Tafuta kibanda ambacho mpishi anachoma katsuo mbele yako: anashika vipande vya samaki kwenye wavu, anatupa majani makavu ya mpunga motoni, na moto unaruka juu kuliko kichwa chake. Katika muda mfupi ngozi imeungua na ndani bado ni nyekundu, mbichi. Anakata vipande vinene. Agiza vya chumvi, shio, badala ya vile vya mchuzi; weka kipande cha kitunguu saumu kibichi juu yake. Utanuka saumu hadi kesho, na kila mtu mjini ananuka hivyo. Watu wa Kochi wana sifa ya kunywa, wana hata vikombe vyenye umbo lisilokuwezesha kuviweka chini hadi uvimalize. Mtu akikaa mezani kwako kukuzungumzisha, ni kawaida ya hapo.

Naha, Okinawa, ina utaratibu mzuri kwa wanaopenda samaki: katika soko la Makishi, lililorudi kwenye jengo jipya mwaka 2023, unanunua samaki chini, kisha unawapandisha ghorofani migahawa ikupikie kwa ada ndogo.

Kuhusu vinywaji, kila eneo lina chake. Niigata ni nchi ya mpunga na ya nihonshu, pombe ya mchele ambayo sisi tumezoea kuiita sake. Ndani ya stesheni ya Niigata kuna ukumbi wa Ponshukan, wenye mashine za kuonja pombe za viwanda vya mkoa huo, karibu 90. Unanunua visarafu maalumu vya mashine, unachagua, kikombe kidogo kinajaa, na pembeni kuna chumvi za aina aina za kulamba. Kagoshima hunywa shochu, pombe kali, ya viazi vitamu, iliyochanganywa na maji ya moto. Okinawa ina awamori, pombe kali ya mchele. Umri wa kunywa kisheria ni miaka 20. Ukiona neno nomihodai, ni kunywa utakavyo kwa muda maalumu, kwa kawaida dakika 90 au 120, na oda ya mwisho hukatwa nusu saa kabla.

Usimfuate kijana anayekukaribisha baa barabarani, hasa Susukino ya Sapporo na Nakasu ya Fukuoka. Baa nzuri haihitaji kuvuta watu mikono, na hesabu ya huko inaweza kukushangaza. Baa ndogo za snakku, zenye mama mwenye nyumba na karaoke, ni za kupendeza, lakini uliza bei ya kuketi kabla hujaketi.

Ukiwa umekodi gari, usionje hata tone. Anayeendesha amelewa anashitakiwa, na aliyemkabidhi gari, aliyemuuzia kinywaji na abiria aliyejua wanaweza kushitakiwa pia. Tangu Novemba 2024 adhabu zimekazwa kwa baiskeli vilevile, na mikoani hoteli nyingi huazima baiskeli, kwa hiyo iache hotelini.

Hatua ya 7: Usiyekula nguruwe, usiyekunywa

Ugumu si nyama inayoonekana, ni ile isiyoonekana. Mafuta ya nguruwe kwenye ramen, pombe ya kupikia na mirin (kileo kitamu cha kupikia) kwenye michuzi, gelatini kwenye vitamutamu. Jifunze kuzitambua: 豚 nguruwe, 酒 pombe, みりん mirin, ラード mafuta ya nguruwe, ゼラチン gelatini. Ziandike kwenye simu pamoja na sentensi ya Kijapani inayosema huwezi kula hivyo, umwonyeshe mpishi kabla hajawasha moto. Atakujibu ukweli, hata kama jibu ni "samahani, hatuwezi". Okonomiyaki inaweza kupikwa bila nguruwe, ila bamba la chuma ni lilelile.

Njia salama ni samaki wa kuchoma kwa chumvi, samaki mbichi, mayai, wali mweupe. Mchele wa sushi hutiwa siki na wakati mwingine mirin, uliza. Karibu kila mji wa wastani una mgahawa wa kari wa Wanepali, Wahindi au Wapakistani, na mingi hutumia nyama ya halali. Fukuoka ina msikiti tangu 2009, na pembeni ya misikiti hukosi duka la vyakula. Mikahawa ya vyuo vikuu kadhaa vya mikoani, kama Tohoku ya Sendai na Kyushu ya Fukuoka, ina sahani za halali, na wanafunzi kutoka Afrika Mashariki walio huko, wengine kwa ufadhili wa mpango wa ABE wa JICA, shirika la misaada la Japani, wanajua mji kuliko kitabu chochote. Waulize.

Lakini mji ninaoupendekeza kwa Mwislamu ni Beppu. Una chuo kikuu cha kimataifa tangu mwaka 2000, ambacho karibu nusu ya wanafunzi wake ni wageni, na msikiti upo. Zaidi ya hayo, katika mtaa wa Kannawa mvuke hutoka ardhini wenyewe, na wenyeji wameutumia kupikia tangu zamani. Kuna jiko la umma ambako unakodi chungu cha mvuke kwa dakika, unapewa glavu nene, na unaruhusiwa kuja na vyakula vyako. Nunua mayai, mahindi, viazi vitamu, kabichi na samaki supamaketi, weka kwenye kikapu, shusha, funika. Hakuna mafuta, hakuna mchuzi, hakuna kitu cha kuulizia.

Hatua ya 8: Kila kitu kikiwa kimefungwa

Itatokea. Umefika saa tatu usiku, mji umelala. Duka la saa 24 lipo, na usilidharau: onigiri, yaani tonge la wali lenye samaki ndani, mayai, supu. Kisiwani Hokkaido, kaskazini, tafuta Seicomart, mnyororo wa huko wenyewe; matawi mengi hupika chakula cha moto dukani.

Kama bado ni saa moja au mbili usiku, nenda kwenye supamaketi au ghorofa ya chini ya ardhi ya duka kubwa la nguo na bidhaa, depachika. Saa moja hivi kabla ya kufunga mhudumu huanza kuzunguka na vibandiko vya punguzo. 半額 ni nusu bei. Sushi ya samaki wa siku hiyo, kuku wa kukaanga, saladi, vyote vinashuka, na wenyeji watasimama karibu wakijifanya hawasubiri. Simama nao. Omba vijiti, "ohashi". Kuhusu kodi, chakula unachoondoka nacho hutozwa asilimia 8, na unachokila kwenye meza za hapo dukani asilimia 10, kwa hiyo kama utakaa mwambie mtu wa kaunta kabla hajapiga hesabu.